Jinsi ya kusoma The Doctrine of Chances ya De Moivre: mwongozo kamili kwa mwenye kalamu, daftari na simu

Zamani mjini London palikuwa na mchezo wa kamari ulioitwa Royal Oak. Mwenye mchezo alikuwa na mpira wenye namba 32. Unaweka dau kwenye namba moja, mpira unarushwa, namba yako ikitokea unalipwa madau 28, na lile lako limo humo humo. Isipotokea, dau limekwenda. Walioliwa sana wakaanza kunung'unika: namba ziko 32, mbona malipo ni 28? Mwenye mpira hakuwabishia. Aliwaambia wachague namba yoyote, naye yuko tayari kuweka dau kwamba itatokea ndani ya mirusho 22. Akitakiwa aweke, aliweka kweli. Hapo watu wakachanganyikiwa. Huku wanaambiwa namba 31 ziko dhidi yao, huku mirusho 22 tu inatosha. Wakaona kumbe faida iko upande wao, wakarudi mezani, wakaendelea kuliwa.

Kisa hiki kimo katika dibaji ya The Doctrine of Chances, kitabu cha hesabu za uwezekano alichokichapisha mwanahisabati Abraham de Moivre mwaka 1718, na ndicho kilichonifanya nikisome badala ya kukipitia juu juu. Mwenye mpira hakusema uongo hata mara moja. Watu waliliwa kwa maneno ya kweli, kwa sababu hakuna aliyekaa chini akapiga hesabu. Kwa hiyo sharti la mwongozo huu ni moja: kila namba utakayoikuta kitabuni, ipige upya mwenyewe kabla hujageuza ukurasa. Jibu la Royal Oak tutalifikia katika hatua ya sita.

Huhitaji shahada. Ukiwa unakumbuka sehemu, vipeo na logi za sekondari, unatosha. Tafuta daftari, kalamu, na simu yenye kikokotoo cha kisayansi (ukilaza simu ubavu, vikokotoo vingi hufungua alama za kipeo na logi).

Kwa nini kitabu hiki na si kingine

Vitabu vya kwanza vilivyochapishwa kuhusu hesabu za uwezekano si vingi. Christiaan Huygens alitoa kijitabu kwa Kilatini mwaka 1657. Pierre Rémond de Montmort alichapisha cha kwake Paris mwaka 1708. Ars Conjectandi ya Jacob Bernoulli ilitoka Basel mwaka 1713, miaka minane baada ya mwenyewe kufariki, nayo ni ya Kilatini. De Moivre mwenyewe alianza na Kilatini: makala yake De Mensura Sortis ilitoka mwaka 1711 katika jarida la Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London. Kisha akaikuza ikawa kitabu, na safari hii akaandika Kiingereza. Kwa msomaji wetu wa Afrika Mashariki hiyo ndiyo sababu tosha ya kuanzia hapa.

Na Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kuzaliwa, jambo ambalo mimi linanipa moyo. Alizaliwa Vitry-le-François, Ufaransa, mwaka 1667, katika familia ya Kiprotestanti. Mfalme Louis XIV alipoifuta Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu, mwaka 1685, Waprotestanti wengi walikimbia nchi, na yeye akaishia London. Royal Society ilimchagua kuwa mwanachama mwaka 1697, lakini kazi ya chuo kikuu hakuipata maisha yake yote. Aliishi kwa tuisheni za nyumba kwa nyumba, na kwa kujibu maswali ya wacheza kamari mkahawani Slaughter's, pale St Martin's Lane. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini kitabu kimejaa karata, dadu na bahati nasibu: hao ndio waliokuwa wateja wake.

Hatua ya 1: Jua ni toleo gani lililo mbele yako

Hapa watu wengi hujikwaa, nami nilijikwaa. Niliwahi kutumia jioni nzima kutafuta ukurasa ambao kitabu nilichokuwa nacho hakikuwa nao kabisa, kwa sababu aliyeutaja alikuwa anasoma toleo jingine. Matoleo ya zamani ni matatu, na yanatofautiana sana.

La kwanza ni la 1718. Kwenye ukurasa wa jina utaona limechapwa na W. Pearson "for the Author", yaani mwandishi ndiye aliyegharimia. Mwaka umeandikwa kwa namba za Kirumi, MDCCXVIII. Maandishi makuu yana kurasa 175, na limetabarukiwa kwa Isaac Newton, aliyekuwa rais wa Royal Society wakati huo.

La pili ni la 1738, M.DCC.XXXVIII, limechapwa na H. Woodfall, bado kwa gharama ya mwandishi. Limefika kurasa 258. Newton alikuwa ameshafariki mwaka 1727, kwa hiyo tabaruku imehamia kwa Lord Carpenter.

La tatu ni la 1756, MDCCLVI, lenye kurasa 348. De Moivre alifariki Novemba 1754, ndiyo maana safari hii hukuti tena "for the Author". Limechapwa kwa ajili ya A. Millar, muuza vitabu wa mtaa wa Strand. Ndani yake mna pia hesabu za malipo ya maisha, yale ambayo mtu hulipwa kila mwaka mpaka afe.

Lipi usome? Kama nia ni kuelewa hesabu, soma la tatu, kwa sababu maelezo yamenyooka zaidi na mifano ni mingi. Kama nia ni kuona kitabu kilivyoingia duniani kwa mara ya kwanza, soma la 1718. Lile la 1738 lina sehemu moja ambayo wenye historia ya hesabu huitafuta kuliko zote, na tutaifikia mwishoni. Ukianza kuandika kwenye daftari, juu ya kila ukurasa andika mwaka wa toleo. Namba za matatizo na za kurasa hazilingani kati ya matoleo, na baada ya wiki mbili utakuwa umesahau ulichosoma kilitoka wapi.

Hatua ya 2: Pata nakala ya kusoma

Haki za kitabu zilikwisha zamani, kwa hiyo picha za kurasa zake zinapatikana bure kwenye Internet Archive na Google Books. Tafuta kwa jina la kitabu pamoja na mwaka. Kabla ya kupakua, fungua ukurasa wa jina uhakikishe toleo, kwa sababu maelezo ya nje huwa yanakosewa. Kisha ruka hadi ukurasa wa mwisho wenye namba uone kama ni 175, 258 au 348. Ukikuta pungufu, achana na faili hilo, tafuta jingine.

Pakua picha za kurasa zenyewe, wala si maandishi yaliyosomwa na mashine. Mashine huzivuruga sehemu na vipeo kiasi kwamba hutajua kipi ni kipi. Kama macho yako hayapendi kioo, toleo la tatu lilichapishwa upya kwa picha na Chelsea, New York, mwaka 1967, na maktaba za vyuo huwa nalo. Ukichapisha mwenyewe kwa printa, chapisha dibaji, utangulizi na matatizo machache kwanza. Mimi nilipeleka faili zima steshenari nikalipia kurasa zote, nikaja kugundua nyumbani kwamba kingo za kulia zimekatwa na namba za mwisho za kila mstari hazipo. Agiza ukurasa mmoja wa jaribio.

Hatua ya 3: Ukikutana na kitabu chenyewe, sio picha

Pengine utabahatika kukiona maktabani, au mtu atakuonyesha kitabu cha marehemu babu akikuuliza kama ni mali. Usikimbilie bei. Kichunguze.

Matoleo yote matatu yamekunjwa kwa robo: karatasi kubwa moja ilikunjwa mara mbili ikatoa majani manne, sawa na kurasa nane. Karatasi za zama hizo zilitengenezwa kwa matambara kwenye fremu ya waya, na waya ziliacha alama. Inua jani moja kuelekea dirishani. Utaona mistari iliyopishana kwa nafasi pana, na kwenye kitabu cha robo mistari hiyo hulala kwa upana wa ukurasa. Alama ya mtengenezaji wa karatasi, kama ipo, huangukia kwenye mkunjo wa katikati, imemezwa nusu na mshono. Nakala ya picha ya siku hizi haina mistari hiyo. Pia pitisha kidole taratibu nyuma ya jani: herufi za risasi zilizokandamizwa huacha kovu kwenye karatasi, lakini chapa ya picha huwa laini tupu.

Baada ya hapo hesabu majani. Chini ya baadhi ya kurasa utaona herufi kama B, B2, kisha C, C2; hizo zilimwongoza mfunga vitabu kupanga mikunjo. Alfabeti yao ya kazi ilikuwa na herufi 23, bila J, bila W, na U na V zikihesabiwa kama moja. Kwa hiyo ukiona imeruka kutoka I kwenda K, hakuna kilichopotea. Chini ya kila ukurasa, pembeni kulia, kuna neno moja peke yake. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno lisipolingana, shuku kwamba jani limetoka.

Shika kwa mikono mikavu iliyonawiwa. Usikilaze wazi kabisa. Weka mto au taulo chini ya kila jalada mgongo usivunjike. Gundi ya utepe ni adui. Kukipaka mafuta, kukisugua au kukipeleka kwa fundi akifunge upya kwa ngozi inayong'aa ni kuharibu. Kwa wanaoishi pwani, joto na unyevu huleta ukungu na wadudu, basi kihifadhi mahali penye hewa, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Maandishi ya mkono ya wenye kitabu wa zamani yaache yalivyo, hata yakiwa ni hesabu iliyokosewa.

Hatua ya 4: Zoeza macho na tengeneza kamusi yako

Kurasa tatu za kwanza zitakuchosha. Herufi s mwanzoni na katikati ya neno imechapwa ndefu, inafanana na f, kwa hiyo "suppose" inaonekana kama "fuppofe". Nomino nyingi zimeanza kwa herufi kubwa. Kipeo cha pili mara nyingi ni herufi mbili tu, xx. Alama ya "&c." maana yake ni "nk". Akisema logi za haipabola (hyperbolic), ndizo zile za kitufe cha ln kwenye simu yako. Soma kwa sauti ukurasa mmoja au miwili, macho yatazoea yenyewe.

Maneno ndiyo ya kuchunga zaidi. "Chance" kwake haina maana ya bahati. Ni njia moja kati ya njia zinazoweza kutokea kwa usawa. Dadu ina sita, karata ya kwanza ya pakiti kamili ina 52. Mimi naliandika "nafasi" daftarini. Uwezekano anaufafanua mapema kabisa: ni nafasi za kutokea kwa jambo zikilinganishwa na nafasi zote, za kutokea na za kutotokea. Nafasi za kutokea zikiwa a na za kutotokea b, uwezekano ni a/(a+b). Anapotaja "expectation", ana maana ya fedha: kiasi kilichoko mezani mara uwezekano wako wa kukichukua.

Kisha kuna odi. De Moivre akiandika 31 kwa 1, anasema nafasi za kushindwa ni 31 na ya kushinda ni 1, jumla 32. Wanaochana mikeka ya mpira wamezoea namba moja yenye nukta, ambayo tayari ina dau ndani yake. Ukibadilisha, 31 kwa 1 ni odi ya 32.00. Mwenye Royal Oak alikuwa analipa 28.00. Andika hilo, litakufaa.

Hatua ya 5: Soma utangulizi ukiwa na dadu

Sasa kaa. Katika utangulizi wa toleo la tatu kuna mifano ya dadu moja, na ndiyo mlango wa kitabu kizima. Uwezekano wa kupata nukta moja angalau mara moja katika mirusho miwili ni upi? Wengi hujibu 2/6. De Moivre anajibu 11/36.

Ifanye hivi. Usihesabu kushinda, hesabu kushindwa. Mrusho mmoja una njia 5 za kukosa kati ya 6. Miwili ina 5 × 5 = 25 kati ya 36. Zilizobaki, 36 − 25 = 11, ni za kupata. Endelea: mirusho mitatu, 216 − 125 = 91, kwa hiyo 91/216. Minne, 1296 − 625 = 671, kwa hiyo 671/1296, ambayo imepita nusu kidogo, kama 0.518. Andika mistari hiyo mitatu kwa mkono wako mpaka uione ikijirudia. Ujanja wa kuhesabu kukosa badala ya kupata utautumia mpaka ukurasa wa mwisho.

Panda ngazi moja. Mtu anadai atapata nukta moja mara mbili au zaidi katika mirusho minane. Hapa kushindwa kuna sura mbili: kukosa kabisa, au kupata mara moja tu. Kukosa kabisa ni 5 kwa kipeo cha 8, yaani 390,625. Kupata mara moja tu ni 8 mara 5 kwa kipeo cha 7, yaani 625,000, kwa sababu ile nukta inaweza kukaa kwenye mrusho wowote kati ya minane. Jumla ni 1,015,625. Toa kwenye 6 kwa kipeo cha 8, ambayo ni 1,679,616, unabaki na 663,991. Mtu huyo ana karibu 0.395 tu, akicheza nawe hela sawa kwa sawa, mkubalie.

Usipite haraka pale anapotenganisha mambo yasiyotegemeana na yanayotegemeana. Mfano wake ni wa karata. Kuna mafungu mawili ya karata 13, kila fungu lina ree moja tu. Uwezekano wa kuchomoa ree katika mafungu yote mawili ni 1/13 × 1/13, yaani 1/169. Lakini fungu likiwa moja, ukataka ree kwanza kisha karata ya namba mbili, karata ya pili inachomolewa kwenye 12 zilizobaki: 1/13 × 1/12, yaani 1/156. Makosa mengi ya hesabu za uwezekano ninayoyaona yanatokana na kuzidisha vitu kana kwamba havijuani, kumbe vinajuana.

Kuna swali jingine la mwanzoni ninalolipenda kwa sababu linageuza mambo. A na B wanacheza mchezo wa kuviringisha mipira; A ana uwezo kiasi kwamba anampa B magoli mawili ya kianzio katika mchezo wa kufikisha matatu, na hapo wanakuwa sawa. Uwezo wao ukoje? A lazima ashinde mara tatu mfululizo kabla B hajashinda hata mara moja, na uwezekano huo ni nusu. Kwa hiyo uwezekano wa A kushinda mara moja, ukizidishwa wenyewe mara tatu, ni 1/2. Tafuta kipeo cha tatu cha kurudi nyuma kwenye simu na utaona uwezo wa A kwa B ni kama 50 kwa 13. Mpaka hapo ulizoea kutoka kwenye nafasi kwenda kwenye matokeo. Hapa unatoka kwenye matokeo kurudi kwenye nafasi.

Hatua ya 6: Swali la nusu kwa nusu, na siri ya Royal Oak

Mbele kidogo utakuta tatizo linalouliza: je, jambo lirudiwe mara ngapi ili kutokea na kutotokea viwe nusu kwa nusu? Hili ndilo tatizo la kulala nalo.

Uwezekano wa kukosa mara x mfululizo lazima uwe 1/2. Nafasi za kukosa zikiwa q kwa 1, unahitaji q/(q+1) kwa kipeo cha x iwe 0.5. Kwa logi jibu linapatikana moja kwa moja: gawa logi ya 2 kwa tofauti kati ya logi ya (q+1) na logi ya q. De Moivre anaonyesha kwamba q ikiwa kubwa, hesabu yote inasinyaa kuwa kanuni ya mfukoni: x ni 0.7 mara q. Hiyo 0.7 ni logi asilia ya 2, yaani 0.693, imekuzwa kidogo.

Ijaribu. Dadu mbili, unataka nukta moja zote mbili: 35 kwa 1. 0.7 × 35 = 24.5. Kwa hiyo mirusho 24 haitoshi na 25 inatosha. Hakikisha kwa simu: 35/36 kwa kipeo cha 24 ni 0.509, kwa kipeo cha 25 ni 0.494. Dadu tatu, zote nukta moja: 215 kwa 1, mirusho 150 na ushei. Katika dibaji anataja bahati nasibu ya mwaka 1710, ambayo tiketi tupu zilikuwa 39 kwa kila moja yenye zawadi, akasema tiketi 28 zinatosha kufikia nusu. 0.7 × 39 = 27.3. Sawa kabisa. (Anataka jambo litokee mara mbili? Kigezo kinakuwa 1.678 mara q. Jaribu kukipata mwenyewe. Inachukua dakika kumi na karatasi moja ya kuchana.)

Sasa mpira wa Royal Oak. 0.7 × 31 = 21.7. Mirusho 22! Piga kamili: 31 gawanya kwa 32 ni 0.96875, kwa kipeo cha 22 inakuwa 0.497. Kwa hiyo namba uliyoichagua hutokea ndani ya mirusho 22 kwa uwezekano wa 0.503. Mwenye mpira alipoweka dau lake alikuwa na ukingo mwembamba upande wake. Alisema kweli, na hata kwenye dau la kuthibitisha ukweli wake hakuwa anatoa sadaka.

Mtego uko wapi? Mchezaji alijiambia: naweka madau 22, namba yangu inatokea, napata 28, faida sita. Alichosahau ni kwamba nusu ya safari namba haitokei kabisa na madau yote 22 yanaondoka. Weka hesabu ya matarajio: kila dau moja linarudisha, kwa wastani, 28/32, yaani 0.875. Madau 22 yanarudisha 19.25. Umepoteza 2.75, ambayo ni moja ya nane ya 22. Cheza mara 22, cheza mara 2,200, moja ya nane haiondoki. De Moivre anaitaja moja ya nane hiyo waziwazi: ni 4 zilizokosekana kati ya 32. Dau la mirusho 22 lilikuwa swali jingine kabisa, lililowekwa mezani ili watu wasiliangalie lile la kwanza.

Ukilimaliza hili, funga kitabu siku hiyo. Kesho yake, chukua mchezo wowote unaoujua wenye malipo yaliyotajwa, uandike nafasi zote, uandike malipo, uone kama vinalingana.

Hatua ya 7: Ruka unachoweza kuruka

Sitakudanganya kwamba kila ukurasa una utamu. Sehemu za Pharaon na Basset, michezo ya karata ya watu wa daraja la juu Ulaya, zina majedwali marefu ya faida ya mwenye benki, na kama hujui sheria za mchezo utachoka bure. Nilizisoma mara moja sikurudi. Matatizo ya muda wa kucheza, yaani inachukua raundi ngapi mchezaji mmoja kufilisika, ni mazuri lakini ni magumu. Yaache mpaka uwe umezoea kuvunjavunja kipeo cha (a+b). Malipo ya maisha ya toleo la tatu yanamfaa zaidi anayefanya kazi ya bima.

Hatua ya 8: Kurasa tisa za 1738

Fungua toleo la pili ukurasa wa 235 hadi 243. Kwenye toleo la tatu ni 243 hadi 254. Hapa ndipo penye hazina.

Tarehe 12 Novemba 1733 De Moivre alichapa kijitabu cha kurasa saba kwa Kilatini, akawagawia marafiki. Nakala chache mno ndizo zilizobaki, na kwa muda mrefu wanahisabati walimsahau kama mwenye wazo hilo, mpaka Karl Pearson alipokiibua mwaka 1924. Lakini maudhui yake yalikuwa wazi siku zote, kwa Kiingereza, ndani ya kitabu hiki, kwa sababu mwenyewe aliyatafsiri na kuyaweka humo.

Swali lake ni hili. Ukirusha jambo la nusu kwa nusu mara nyingi sana, matokeo yatakaa mbali kiasi gani na nusu kamili? Kwa mirusho michache unaweza kujumlisha sehemu moja moja. Kwa 3,600 huwezi, si kwa kalamu ya manyoya. Yeye akapata mkunjo unaokaribia jumla hiyo, ule ambao sasa kila kitabu cha takwimu huuchora kama kengele.

Fuata mfano wake. Mirusho 3,600, nusu ni 1,800. Kipeo cha pili cha kurudi nyuma cha 3,600 ni 60, na nusu yake ni 30. Uwezekano wa kupata kati ya 1,770 na 1,830 anasema ni 0.682688, karibu 28 kwa 13. Fungua lahajedwali, andika =2*NORMSDIST(1)-1, usome 0.682689. Alikosea tarakimu ya sita tu, bila mashine. (Ukijumlisha sehemu moja moja kwa kompyuta, na 1,770 na 1,830 zenyewe ukiziingiza, utapata karibu 0.69. Usishtuke, mkunjo wake haukuzihesabu nzima zile ncha mbili.)

Elewa ile 60 kabla hujaenda mbele. Mirusho ikiongezeka mara nne, mtawanyiko unaongezeka mara mbili tu. Mirusho 14,400 ina nusu ya 7,200, na upana wa theluthi mbili unakuwa 60 kila upande badala ya 30. Kwa idadi umetanuka, kwa uwiano umebana. Chora jedwali la 100, 400, 3,600 na 14,400 uone mwenyewe.

Kisha anapanua mipaka. Kwa 60 kila upande anatoa 0.95428, na kwa 90 kila upande anatoa 0.99874. Zipige zote mbili kwa kanuni ile ile, ukiweka 2 halafu 3 mahali pa 1. Utapata 0.95450 na 0.99730. Ya kwanza imepotoka kidogo, ya pili zaidi. Sababu ni kwamba mfululizo wake ulikuwa unakwenda polepole mno nje ya mpaka wa kwanza, akaamua kukadiria eneo la mkunjo kwa njia ya Newton ya vipimo vinne tu. Andika namba sahihi daftarini mwako. Kama kilicho mbele yako ni kitabu chenyewe cha 1738, kalamu ibaki mfukoni.